Kwa nini "inflammable" hushika moto ilhali "invisible" haionekani?

Karani wa Gerezani aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Mimi ni karani wa ghala moja hapa Gerezani, ambako tunapokea rangi, gundi na tina ya kuchanganyia rangi, kisha tunawagawia wenye maduka wa Kariakoo na mafundi wa Buguruni. Wiki iliyopita bosi aliniagiza niyaandike kwa Kiswahili maneno yaliyomo kwenye vibandiko vya mapipa, kwa kuwa wapakiaji wetu wengi hawasomi Kiingereza. Pipa la tina lilikuwa limeandikwa "highly inflammable". Sikusita hata kidogo, maana shuleni tulifundishwa kwamba "in" ikitangulia neno hulikanusha: "visible" ni kinachoonekana na "invisible" ni kisichoonekana, "correct" ni sahihi na "incorrect" si sahihi. Basi nikachukua kalamu ya wino mzito, nikaandika kwenye karatasi HAISHIKI MOTO KABISA, nikazibandika karatasi hizo kwenye mapipa sita.

Mpakiaji mmoja mzee, ambaye Kiingereza chake hakivuki salamu ya asubuhi, alisimama mbele ya pipa la kwanza akaisoma karatasi yangu, kisha akautazama ule mraba mwekundu uliosimamishwa kwa pembe, wenye picha ya mwali, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, kama haishiki moto, huu mwali uliochorwa hapa unatafuta nini?" Sikuwa na jibu. Ukuta wetu wa nyuma tunashirikiana na karakana ya kuchomelea vyuma, na cheche zake tunaziona zikiruka mpaka uchochoroni. Nilifungua kamusi palepale nikiwa nimesimama, nikakuta kwamba "inflammable" na "flammable" zina maana ileile, yaani kinachoshika moto. Karatasi zote sita nilizibandua kabla ya adhuhuri, na kwa bahati hapakutokea lolote.

Ninachoomba kwenu ni maelezo. Inakuwaje herufi zilezile mbili za mwanzo zikanushe neno hili na zisilikanushe neno lile? Je, yapo maneno mengine ya aina hiyo ambayo yananisubiri kwenye mapipa mengine? Na je, ipo kanuni ambayo mtu wa kawaida kama mimi anaweza kuishika?

Fundi Rangi, Buguruni alijibu:

Pole, ndugu karani, na umpe mzee huyo soda kwa niaba yangu. Sisi mafundi hatusomi maneno kabisa, tunatazama picha ya mwali tu, na ukifungua mfuniko harufu yenyewe inakuambia uzime sigara. Kwenye kibandiko chako andika "HATARI: INASHIKA MOTO UPESI" na umalize. Hayo ya "in" nawaachia walimu.

Mwalimu Mstaafu, Temeke alijibu:

Ndugu karani, nimefundisha Kiingereza katika shule za sekondari kwa muda mrefu wa kutosha kukiri kwamba kosa lako tulilipanda sisi wenyewe. Tulikuwa tukiandika ubaoni "in maana yake si", wanafunzi wakanakili, kengele ikalia, tukatoka. Maelezo hayo ni kweli nusu.

Ukweli wenyewe ni kwamba Kilatini, ambako Kiingereza kilichota sehemu kubwa sana ya maneno yake, ama moja kwa moja ama kupitia Kifaransa baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na viambishi awali viwili vilivyofanana kwa sura na kwa sauti, lakini ambavyo kwa asili havina undugu wowote. "In" ya kwanza ni ya ukanushi, nayo ni ndugu wa "un" ya Kiingereza cha asili iliyomo katika "unhappy". "In" ya pili ina maana ya ndani, kuelekea ndani, au juu ya kitu, na wakati mwingine hulitia neno nguvu tu. Neno lako la pipani limetokana na kitenzi cha Kilatini "inflammare", ambacho kimejengwa kwa "in" hii ya pili pamoja na "flamma", yaani mwali. Kwa hiyo maana yake ni kutia mwali, kuwasha. Daktari anaposema kwamba kidonda kina "inflammation" anatumia neno hilohilo, kwa sababu mahali palipovimba panakuwa pekundu na panawaka moto. Ukilikumbuka jeraha hilo hutakosea tena.

Usidhani kwamba jambo hili ni la Waingereza peke yao. Tazama neno letu "mpike". Mama akiwaambia watoto wake wakubwa, "Leo ninyi mpike," ile "m" ni ninyi mnaoambiwa. Akimgeukia mmoja wao na kumwambia, "Kuku huyo mpike," ile "m" ni kuku. Halafu yumo "mpishi", ambaye "m" yake ni ya ngeli ya watu, na "mpini", ambao "m" yake haina habari na mtu yeyote. Hatukosei, kwa sababu tumekua nazo. Mgeni anayejifunza Kiswahili, ambaye ameambiwa kwamba "m" ni alama ya mtu, huuliza kwa nini mpini wa jembe umeitwa mtu, nasi tunacheka. Basi Mwingereza naye ana haki ya kucheka akiisoma karatasi yako.

Jambo la pili linalowapoteza watu ni kwamba "in" hizi zote mbili hubadilika sura zinapokutana na baadhi ya konsonanti. Mbele ya "p", "b" na "m" inakuwa "im". Mbele ya "l" inakuwa "il". Mbele ya "r" inakuwa "ir". Wanaisimu wetu huliita jambo hili usilimisho, nasi tunalifanya kila siku bila kuliwaza, pale mzizi "zuri" unapotupa nyumba nzuri, mzizi "baya" ukatupa nyumba mbaya kwa "m" na si "nbaya", na mzizi "refu" ukatupa nguzo ndefu. Ulimi haupendi kusumbuliwa, uwe wa Mrumi au wa Mzaramo. Balaa ni kwamba kila umbo kati ya hayo limebeba viambishi vyote viwili. "Illegal" ni kisicho halali, ila "illuminate" ni kutia nuru. "Irregular" ni kisichofuata utaratibu, ila "irrigate" ni kuingiza maji shambani. "Immature" hajakomaa, ila "immigrant" ni mtu aliyehamia ndani ya nchi. Na pale bandarini kwetu, "import" ni kubeba na kuingiza ndani, kutoka "portare" ambayo ni kubeba, wakati "impossible", inayoanza kwa herufi zilezile tatu, ni jambo lisilowezekana. Aliyewahi kutoa mzigo bandarini huenda akasema kwamba maneno hayo mawili yanakaribiana kimaana, lakini hilo ni jambo la mjadala mwingine.

Kanuni unayoitafuta ipo, ingawa ina matundu. Ukikutana na kivumishi kinachoanza kwa "in", jiulize kwanza kama kipo kitenzi kinachoanza kwa "in" hiyohiyo. Kama kipo, basi kivumishi kimezaliwa na kitenzi hicho, na "in" yake haikanushi. "Inflammable" imezaliwa na "inflame", kuwasha. "Inhabitable" imezaliwa na "inhabit", kukaa mahali, kwa hiyo ni mahali panapokalika. Lakini "invisible" haina kitenzi chochote cha namna hiyo nyuma yake, vivyo hivyo "incorrect" na "incapable". Hapo "in" ni ya kukanusha.

Bi Mfasiri, Kijitonyama alijibu:

Mwalimu, shikamoo. Nakubaliana na maelezo yako, ila naomba niongeze mambo mawili yanayotokana na meza yangu ya kazi, na niguse tundu moja la kanuni.

Tundu lenyewe ni vitenzi kama "invalidate", "immobilize" na "incapacitate". Vyote ni vitenzi, vyote vinaanza kwa "in" au "im", na vyote vinakanusha: kubatilisha, kuzuia kitu kisisogee, kumwondolea mtu uwezo. Sababu ni kwamba kila kimoja kimejengwa juu ya neno ambalo lilikuwa limekwisha kukanushwa. Hakuna aliyeanza na "validate" akaweka "in". Alianza na "invalid", ambayo tayari ni batili, akaitia mkia wa kitenzi. Kwa hiyo ukikipata kitenzi, kitazame nacho kimetoka wapi.

La kwanza kati ya mawili yangu ni "invaluable". Hili limewaponza wafasiri wengi kuliko pipa la tina, kwa sababu halilipuki. Niliwahi kupewa nihariri barua ya shukrani kwa mfadhili wa mradi mmoja hapa jijini, ambayo kwa Kiingereza ilisema kwamba mchango wake ulikuwa "invaluable", na mfasiri aliyenitangulia alikuwa ameandika "mchango wako usio na thamani". Barua ilikuwa imekwisha kupigwa muhuri. Na tazama jinsi lilivyo la ajabu: hapa "in" inakanusha kweli, kwa kuwa hakuna kitenzi "invalue", ila kinachokanushwa si thamani, bali ni uwezo wa kuikadiria. "Value" katika neno hili ni kitenzi, kukadiria bei. Kitu "invaluable" ni kile ambacho ukikipeleka kwa mkadiriaji atakurudishia akisema hana bei ya kukitajia. Kiswahili kinayo maneno mazuri kwa jambo hilo: thamani yake haikadiriki, au hakina kifani. Kwa kisicho na thamani Mwingereza ana neno lake jingine, "worthless", linalokanusha kwa mkia badala ya kichwa.

La pili ni "infamous". Wanafunzi hulitumia kwa maana ya mtu asiyejulikana, hali ya kuwa mtu huyo anajulikana sana, ila kwa ubaya. Mzizi wake ni "fama" ya Kilatini, yaani yale yanayosemwa juu ya mtu, na "fama" yenyewe imetokana na kitenzi "fari", kusema. Na hapa lipo jambo ambalo mimi hulifurahia kila ninapolikumbuka: kitenzi hichohicho "fari" ndicho kilichozaa "infant", mtoto mchanga, kwa Kilatini "infans", asiyesema. Kwa hiyo "infant" na "infamous" zimetoka tumbo moja, na zote zina "in" ya kukanusha. Mmoja ni yule asiyesema, na mwingine ni yule asiyesemwa vizuri. Kiswahili, kwa unyambulishaji wake, kinaliweka jambo hili wazi kuliko Kiingereza chenyewe, kwa maana kusema na kusemwa kwetu ni kitenzi kimoja na kila mtu anakiona.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Ubungo alijibu:

Shikamooni. Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Katika mtihani wetu wa majaribio niliandika kwamba jangwa ni "inhabitable" nikimaanisha kwamba hapakaliki, nikakoseshwa. Ningepaswa kuandikaje?

Mwalimu Mstaafu, Temeke alijibu:

Marahaba, mwanangu, na aliyekukosesha hakukuonea. Ungeandika "uninhabitable". "In" ya mle ndani si ya kukanusha, kwa hiyo ukitaka kukanusha unaongeza "un" juu yake. "Habitable" na "inhabitable" zote mbili ni panapokalika, kama zilivyo "flammable" na "inflammable".

Bi Mfasiri, marahaba na wewe, nimelipokea hilo tundu.

Karani wa Gerezani alijibu:

Mwalimu, shikamoo, Bi Mfasiri, asante sana. Fundi, mzee amekwisha kupata soda yake, na akaomba ya pili.

Sasa nimeanza kuyashuku maneno yote yaliyo mezani pangu. Jana jioni, nikimngoja dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni ya Tazara, niliandika orodha ya yale ninayoyaona kila siku: "invoice", "inventory", "income", "inch" na "insulin". Hilo la mwisho halimo ghalani, ni dawa ya mama yangu, ila lipo kwenye friji nyumbani na kila nikifungua mlango linanitazama. Katika hayo, yapi ni ya kukanusha?

Mwalimu Mstaafu, Temeke alijibu:

Marahaba. Hakuna hata moja, na kila moja lina njia yake.

"Invoice", ile ankara yako, imetoka katika Kifaransa, kwa kitenzi cha kutuma, ambacho kwa Kilatini cha baadaye kilikuwa "inviare", kutia njiani; "via" ni njia. Mzigo umetiwa njiani, nayo karatasi imefuatana nao. "Inventory" imetokana na "invenire", kujia kitu, yaani kukikuta, na hiyo ndiyo kazi yako ya mwisho wa mwezi: kuandika ulichokikuta, si ulichotarajia kukikuta. "Income" si ya Kilatini kabisa. Hiyo ni "in" ya Kiingereza cha asili, ya ndani, ileile ya "inside", pamoja na "come": kinachoingia. Ukitaka kuwa mkali wa hesabu, basi Kiingereza kina "in" tatu na si mbili, japo hii ya tatu na ile ya Kilatini ya ndani ni ndugu wa ukoo mmoja wa zamani sana.

"Inch" haina kiambishi hata kidogo. Ni neno "uncia" la Kilatini, sehemu moja ya kumi na mbili, lililosuguliwa na vinywa vya watu mpaka likabaki hivyo. Ndiyo maana futi moja ina inchi 12. Ukilikata "in" hapo unabaki na vipande viwili visivyo na maana, kama mtu anayelikata neno "mkate" ili amtafute "kate" ni nani.

Insulini ndiyo niipendayo katika orodha yako. Mwaka 1869 Mjerumani Paul Langerhans, alipokuwa bado mwanafunzi wa udaktari, alieleza vikundi vidogo vya seli vilivyotawanyika ndani ya kongosho, na wataalamu waliofuata wakavifananisha na visiwa. Kisiwa kwa Kilatini ni "insula". Dawa inayotokana na visiwa hivyo ikapewa jina la kisiwa. Mpe mama pole na umwambie kwamba ana kisiwa ndani ya friji.

Bi Mfasiri, Kijitonyama alijibu:

Mwalimu amemaliza, nami nabaki na pipa tu. Ndugu karani, usilitumie tena neno "inflammable" hata ukiandika kwa Kiingereza. Kosa lako limewahi kuwatia hofu watu wa kinga ya moto wenyewe, kiasi kwamba katika miaka ya 1920 chama cha Marekani kiitwacho National Fire Protection Association kilianza kuhimiza watu waandike "flammable" peke yake, kwa kuogopa kwamba msomaji angedhani "in" inakanusha. Siku hizi mfumo wa Umoja wa Mataifa wa alama za kemikali hatari unatumia "flammable". Ukiona pipa bado lina neno la zamani, huenda kibandiko ni cha zamani, au aliyekichapisha hakuwa na mpakiaji mzee wa kumuuliza swali.

Kwa Kiswahili, pendekezo la Fundi linatosha, ila mimi ningelitanguliza neno la moto, kwa kuwa mtu aliyebeba mzigo begani husoma neno la kwanza na kupita: "MOTO! Tina hii huwaka upesi. Usiisogeze karibu na cheche wala sigara."

Karani wa Gerezani alijibu:

Nimeandika hivyohivyo, kwa herufi kubwa, na nimeziweka karatasi upande unaotazamana na karakana. Mzee amezisoma zote sita, moja baada ya nyingine, akidhani labda nimekosea katika mojawapo. Kisha akanionyesha muhuri ulio chini ya pipa la mwisho, ulioandikwa "inspected", akauliza kama hilo nalo maana yake ni kwamba halikukaguliwa.

Mwalimu Mstaafu, Temeke alijibu:

Mwambie limekaguliwa. "Specere" ni kutazama, na "in" hapo ni ya ndani.